Viti Mia Mbili

Kazi yangu ni viti.
Mia mbili vya plastiki; kumi na vitatu vina nyufa,
hivyo navificha nyuma, karibu na mlango wa choo.
Ukumbi wetu wa Ahero una funguo mbili. Mmoja ninao,
mwingine ulikwenda na mafuriko ya Nyando.

Walianza kuja wa Bunge la Taifa,
wabunge saba wa kamati, na karani Chepkirui
aliyebeba mswada kama mtu aliyebeba mayai.
Umesomwa mara ya kwanza, akasema,
maana yake umebisha hodi tu, bado haujaingia.
Semeni sasa, kabla haujasomwa mara ya pili.

Mswada wa Vipimo vya Mazao. Kurasa kumi na tisa.
Sisi tulitaka kifungu kimoja, cha kumi na nne:
mnunuzi lazima apime kwa mizani mbele ya mkulima.
Maana hapa gunia la mpunga huvikwa kofia.
Lumbesa. Hushonewa kilemba cha wavu juu,
kilo ishirini za bure, na dalali husema ndio utaratibu.

Nerea Abonyo akasimama. Hakuwa na hotuba.
Aliweka mezani gunia tupu, kisha kile kilemba,
akasema kwa Kijaluo, nami nikatafsiri:
"Hii ndiyo karo ya Awino."
Karani akaandika.

Mpunga ukapandwa, ukavunwa, ukavikwa kofia.
Redioni tukasikia: mara ya pili, kamati ya bunge zima,
mara ya tatu, waliosema ndiyo wameshinda.
Kifungu cha kumi na nne kimefutwa.
Mtangazaji akaingia kwenye kandanda.

Nikadhani yamekwisha. Kumbe nyumba ina chumba cha pili.
Maspika wawili walikuwa wamekubaliana
kwamba mswada huu unagusa kaunti
(soko la kaunti, mizani ya kaunti, tope letu wenyewe),
basi hauendi Ikulu bila kupitia Seneti.

Nikapanga viti tena.
Maseneta watano. Watu walikuja nusu.
Nerea alikuja na gunia lile lile.
"Nilishasema," akasema. "Kwani ninyi hamuulizani?"
Seneta mmoja akacheka, akaona hana mwenzake, akaacha.
Akajibu taratibu: Mama, tumewekwa wawili makusudi,
tusikubaliane upesi.
Neno hilo nimelirudia mara nyingi nikifagia.
Mkono mmoja haulei mwana, sawa;
lakini miwili yaweza pia kumvuta huku na huku.

Seneti ikakirudisha kifungu. Kila kaunti kura moja,
Lamu sawasawa na Nakuru iliyofurika watu.
Bunge la Taifa likakataa.
Hapo ikaundwa Kamati ya Upatanisho,
idadi hii huku, idadi hiyo hiyo kule,
siku thelathini, la sivyo mswada ufe.
Hawakuja Ahero. Kupatana hakukuhitaji viti vyangu.

Mwalimu Osewe ndiye aliyeleta ukurasa
wa Gazeti Rasmi, umekunjwa mara nne.
Rais ametia sahihi. Kifungu cha kumi na nne kipo.
Nikamsomea Nerea, yeye akipepeta.
"Lazima" haikuwepo. Mahali pake pameketi "aweza":
mnunuzi aweza kupima kwa mizani mbele ya mkulima.

Ungo ukatulia.
"Nani alibadilisha?"
Sikujua. Chumbani walikuwa wengi, na wote walipatana.

Jumatatu akaenda sokoni na mizani yake mwenyewe,
ya kuning'iniza, iliyomgharimu mbuzi.
Akaitundika kwenye nguzo ya dalali,
akabandika ule ukurasa juu yake kwa ugali wa jana.
"Sheria inasema waweza," akamwambia.
"Basi leo weza."

Dalali akatazama mizani,
kisha akatazama foleni ya wanawake nyuma yake, kila mmoja na gunia.
Sikungoja. Nilirudi kufungua ukumbi;
kulikuwa na harusi, na viti havijapangwa.